Kumjibu Aliyenyamaza

Ufundi ninaotaka kuusifu hapa hauna karakana, wala hauhitaji chombo chochote zaidi ya kalamu na pingili za vidole. Ni ufundi wa kumjibu mtu kwa shairi. Katika pwani hii ya kusini, kutoka Diani na Gazi, kupita Msambweni na Shimoni, hadi kwetu Majoreni na Vanga mpakani, umeendelea vizazi kwa vizazi. Mmoja hutoa ubeti wenye swali, fumbo au lawama. Mwingine huupokea, hukaa nao siku mbili tatu akiutafuna, kisha huurudisha kwa mwenyewe ukiwa umegeuzwa uso. Waliohudhuria hutikisa vichwa, na yule aliyeuliza hurudi kwake akitafuta la kuongeza. Shairi moja likizaa jingine, hilo nalo likazaa jingine, ndiyo majibizano.

Msomaji aliyelelewa na vitabu huenda akadhani kujibu ni kazi nyepesi kuliko kuanza, kwa kuwa mada imeshatolewa. Mambo ni kinyume. Anayeanza huchagua vina anavyovitaka, na bila shaka huchagua vile ambavyo maneno yake yapo tele kinywani. Anayejibu hana uchaguzi huo. Adabu ya majibizano inamtaka afuate bahari ile ile, mizani ile ile na vina vile vile, na akiwa hodari, akishike hata kituo cha mwenziwe, yaani mshororo wa mwisho, akigeuze kimseme mwenyewe. Kama aliyeuliza alitumia maneno sita mazuri yaishiayo kwa kina fulani, mjibuji ameachiwa makombo. Lazima aende ndani zaidi ya lugha, akafukue neno ambalo bibi yake alilitumia, au neno la lahaja linalojulikana na wavuvi peke yao, au ayachukue yale yale sita ayape kazi nyingine. Hapo ndipo ustadi unapoonekana.

Mizani nayo haina huruma. Shairi letu la kawaida lina mishororo minne, kila mshororo una mizani 16, nane ukwapi na nane utao. Anayejifunza hupitisha dole gumba juu ya pingili za vidole vingine akihesabu silabi moja moja, na mara nyingi huikosa ile herufi m inayosimama peke yake mwanzoni mwa neno. Mtumbwi una silabi tatu: m, tu, mbwi. Mtu asiyelihesabu hilo huleta mshororo wenye mizani 17 na hajui kwa nini wazee wamekunja uso. Mzoefu hahesabu kabisa. Huuimba mshororo kwa sauti ya chini, na pale sauti inapokwama hujua kuna silabi iliyozidi au iliyopungua. Kisha hufupisha: waliohama huwa walohama, aliyebaki huwa alobaki, na mshororo hukaa sawa. Ruhusa hiyo ya kukata na kurefusha imekubalika tangu zamani, lakini haimfai mvivu, maana neno likikatwa vibaya hulia masikioni mwa kila mtu.

Nimeanza na haya ya ufundi kwa makusudi, kwa sababu ninalotaka kusema linatoka humo humo. Linahusu mtunzi aliyebaki peke yake.

Majoreni tulikuwa na baraza letu. Hatukuwa chama, hatukuandikishwa popote, na hatukuwa na mwenyekiti. Tulikuwa watu wa kazi mbalimbali, mvuvi, mwalimu, fundi wa kushona, mkulima wa minazi na mimi, tuliokutana baada ya sala ya alasiri na kusomeana tulichotunga. Mmoja alikuwa mkali wa vina hata tukimwogopa. Mwingine hakuwa mtunzi mzuri, lakini alikuwa msikilizaji ambaye uso wake ulikuambia kama ubeti umefika au haukufika, na kila baraza linamhitaji mtu wa namna hiyo. Kisha mambo ya dunia yakatupitia. Yule mkali wa vina Mwenyezi Mungu alimchukua. Mwingine akapata kazi Doha, mwingine akahamia Ukunda karibu na mahoteli, mwingine akaolea Tanga na kutulia huko. Hakuna aliyegombana na mwenziwe. Hakuna wa kulaumiwa. Baraza liliisha tu.

Na hamu yangu ya kutunga ikaisha nalo. Haikuwa kwamba sina la kusema. Bei ya samaki ilikuwa ile ile ya kuumiza, mikoko ilikuwa ikikatwa na kupandwa, vijana walikuwa wakiondoka. Mada zilikuwako. Kilichokosekana ni mahali pa kuupeleka mshororo wa nne. Niliweza kuandika mitatu ya mwanzo, lakini kila nilipofika kwenye kituo, ambacho kazi yake ni kumwekea mwenzako jambo mlangoni ili alijibu, kalamu ilisimama. Niliyafunga madaftari nikayaweka mvunguni mwa kitanda.

Watu wema walinishauri niandike kwa ajili ya nafsi yangu. Ushauri huo hutolewa sana siku hizi na huenda unawafaa watu wa riwaya. Kwa shairi la majibizano, sikubaliani nao. Shairi hili limejengwa kwa ajili ya wawili, na ukimwambia mtunzi wake aimbe peke yake umemwambia aache nusu ya ufundi wake. Lililonifaa mimi lilikuwa jingine. Nilianza kuchunguza waliotutangulia walifanya nini walipobaki peke yao, kwa kuwa hakuna kizazi cha malenga ambacho hakikupotelewa na baraza.

Chukua mfano wa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyezaliwa mnamo 1776 na kufariki 1840. Tunamkumbuka kama mtu wa sokoni na barazani, mwenye shairi kwa kila jambo: mapenzi, njaa, siasa, majirani. Alikuwa karibu na Wamazrui waliotawala Mombasa, na katika miaka ya vita vya Shela kati ya Mombasa na Lamu, karibu mwaka 1812, alikuwa akirushiana mashairi na watunzi wa Lamu, hasa Zahidi Mngumi. Hapa nataka kusema jambo ambalo huenda halisemwi vya kutosha: adui anayejibu kwa vina ni mwenza wa kazi. Muyaka wa miaka ile alikuwa na wasikilizaji wa pande mbili, waliompenda nyumbani na waliomchukia Lamu, na wote waliyasubiri maneno yake. Kisha mwaka 1837 Sayyid Said wa Oman na Zanzibar aliitwaa Mombasa. Wakubwa wa Kimazrui walikamatwa wakapelekwa uhamishoni ng'ambo ya bahari. Waliosalia wakatawanyika, wengine kaskazini hadi Takaungu, wengine kusini hadi Gazi, hapa hapa Kwale, ambako majengo yao bado yanatazamwa na wapita njia. Muyaka alibaki mjini pake, watu aliowatungia wamekwisha kuondoka.

Lililofuata baada ya kifo chake ndilo linalonigusa zaidi. Muyaka hakuacha kitabu kilichochapwa. Mashairi yake yalikaa vichwani mwa watu. Katika miaka ya 1880 Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa Mombasa ambaye mwenyewe alikuwa mshairi, aliyakusanya na kuyaandika akishirikiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor. Kutokana na kazi hiyo ndipo tukapata diwani iliyochapishwa na William Hichens mwaka 1940, na baadaye kitabu cha Profesa Mohamed Abdulaziz cha mwaka 1979. Fikiri hilo taratibu. Zaidi ya miaka 40 baada ya mtunzi kuzikwa, watu wa mji wake walikuwa bado wanayo maneno yake kinywani, mizani haijavunjika. Mizani na vina, ambavyo wengine huviona pingu, ndivyo vilivyoyahifadhi. Neno likidondoka katika mshororo wenye mizani 16, sikio hulidai. Sikujua alikuwa msikilizaji wa Muyaka, ingawa alikuja kuisikiliza sauti hiyo Muyaka mwenyewe akiwa kaburini.

Lakini kuhifadhi ni kazi ya upande mmoja. Kuna njia ya pili, na hiyo ndiyo iliyonifungulia daftari. Ni takhmisa.

Takhmisa ni ufundi tulioupokea kutoka kwa Waarabu na kuufanya wetu. Mtunzi huchukua shairi la mtu mwingine lenye beti za mishororo miwili miwili. Mbele ya kila mishororo miwili huongeza mitatu yake mwenyewe, ubeti ukawa na mitano. Mitatu hiyo mipya lazima ifuate kina cha mshororo wa kwanza wa mwenye shairi, na mshororo wa mwisho hubaki na kina chake cha asili, kinachopita shairi zima mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo katika kila ubeti kuna sauti mbili. Mgeni hutangulia kusema, kisha mwenye nyumba hufunga maneno. Kazi ngumu iko kwenye kiungo, pale mshororo wa tatu wa mgeni unapoukabidhi wa kwanza wa mwenyeji. Ikifanywa vibaya, msikilizaji husikia kishindo, anajua hapa mtu mmoja ameishia na mwingine ameanzia. Ikifanywa vizuri, maneno ya zamani huonekana yamesemwa leo kuyajibu yale mapya, ingawa yaliandikwa kwanza. Mtunzi amejenga swali ambalo jibu lake lilikuwapo tayari.

Aliyeufanya ufundi huu kwa namna ambayo haijapitwa ni Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, aliyeishi katika visiwa vya Lamu karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Alichukua shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo, shujaa aliyekufa zamani sana kabla yake, akaliongezea mishororo yake mitatu mitatu. Hakukaa na Liyongo barazani hata siku moja. Hakuweza kumwuliza neno hili ulimaanisha nini. Alichokuwa nacho ni mishororo, na ndani ya mishororo mna vina, na vina vikimwelekeza pa kuweka mguu. Nikiisoma kazi ile nasikia watu wawili wakisaidiana kubeba mzigo mmoja.

Na Sayyid Abdallah huyo huyo ndiye aliyeuona mji wa Pate ukiporomoka. Majumba yaliyojaa watu, taa na karamu yalibaki magofu, na waliokuwa wakikaa humo wakawa hawapo tena. Al-Inkishafi ni shairi la mtu aliyepotelewa na jamii nzima. Angalia basi alichokifanya kiufundi: alimtafuta wa kusema naye, na asipompata mtu, aliuhutubia moyo wake mwenyewe. Anauita, anauuliza, anaukemea, anauonyesha magofu. Bahari aliyoichagua ina vipande vya mizani 10 badala ya nane iliyozoeleka katika tenzi nyingi, na mizani hizo mbili za ziada humpa nafasi ya kupumua kama mtu anayezungumza polepole na mgonjwa. Hakuandika kwa ajili ya nafsi yake kwa maana ile ya washauri wangu. Aliigawa nafsi ikawa wawili, ili mmoja aseme na mwingine asikie.

Karibu na zama zetu yuko Abdilatif Abdalla. Alizaliwa Mombasa mwaka 1946 katika ukoo wa watunzi. Ahmad Nassir, aliyeitwa Malenga wa Mvita, ni kaka yake. Mtu wa namna hiyo hulelewa ndani ya majibizano tangu utotoni. Mwishoni mwa 1968 alikamatwa kwa ajili ya kijikaratasi alichokiandika, Kenya: Twendapi?, na mwaka 1969 akahukumiwa. Kifungo chake kiliishia kuwa miaka mitatu, na kwa muda mrefu aliwekwa peke yake katika gereza la Kamiti. Hebu tulipime hilo kwa kipimo cha ufundi tunaouzungumzia. Mtu ambaye kila shairi lake lilipata jibu kutoka kwa ndugu, jamaa na rafiki, amefungiwa mahali ambapo hakuna hata mmoja wa kumsikia. Aliandika kwa siri juu ya karatasi za msalani. Alitoka mwaka 1972, na mwaka 1973 Oxford wakayachapisha mashairi hayo kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu kikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga.

Wengi hukisoma kitabu hicho kwa siasa yake, na wana haki. Mimi nawaomba wakisome tena kwa kutazama jambo moja. Humo mna shairi liitwalo Mnazi: Vuta N'kuvute, ambamo ndugu wawili, Badi na Alii, wanaugombania mnazi. Mmoja anasema, mwingine anajibu, wa kwanza anarudisha, hoja kwa hoja. Mtu aliyenyimwa mtu wa kuzungumza naye alitunga majibizano kamili na akaziimba pande zote mbili. Tena hakumpa mmoja maneno ya kipumbavu ili mwingine ashinde kwa urahisi. Kila mmoja anayo hoja yake na anaishika kwa nguvu. Ili uweze hilo lazima uwe umekaa miaka mingi ukiwasikiliza watu wasiokubaliana nawe, hata sauti zao zikabaki kichwani. Askari wa jela waliweza kumwondolea wasikilizaji. Mazoea ya kusikiliza hawakuweza kumwondolea. Kwangu mimi, katika Kiswahili chote sijui ushahidi mkubwa zaidi wa nguvu ya ufundi huu.

Pwani yetu nayo ina hadithi ya namna hiyo, ya ushairi kurudisha kilichopotea. Vumba Kuu, mji wa kale uliokuwa hapa kati ya Vanga na Wasini, ulikuwa na watawala wake, walioitwa diwani wa Vumba, ambao habari zao A. C. Hollis aliziandika mwaka 1900. Mji haupo tena. Watu wake walihamia Wasini na Vanga na vijiji vinavyozunguka, wakaibeba lahaja yao, Kivumba, ambayo H. E. Lambert aliiandikia kitabu mwaka 1957. Kisha jina la mji uliokufa lilirudi kwa njia ya ushairi: mwaka 1982 Oxford ya Nairobi ilichapisha diwani ya Boukheit Amana, Malenga wa Vumba. Natamani kila shule kuanzia Lunga Lunga hadi Ukunda iwe na nakala, na mwanafunzi wa Majoreni ajue kwamba nyumbani kwake kumewahi kutajwa sambamba na Mvita. Na ukivuka mkondo kwenda Pemba, wako Kamange na Sarahani, waliotunga wakishindana na kujibizana mpaka majina yao hayatajwi mbalimbali. Kamange alitangulia, Sarahani akabaki. Mashairi yao yamekusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, na mhariri alikuwa Abdilatif Abdalla yule yule. Kitabu kilitoka Dar es Salaam mwaka 2011. Aliyewahi kutunga peke yake gerezani ndiye aliyewarudisha barazani wawili waliokwisha kufa.

Haya yote yalinifundisha pa kuanzia. Sikuanza na ukurasa mtupu. Nilitoa daftari mvunguni nikatafuta vina vya marehemu mwenzetu, yule mkali. Alikuwa na tabia ya kuchagua kina kigumu cha kati ili atutese, na kimoja alichokipenda ni kile cha kupwa na kutupwa, ambacho maneno yake ni machache mno. Maneno yake siwezi kuyachapisha hapa, ni mali ya watoto wake. Vina, hata hivyo, si mali ya mtu. Nikaanza kwa kujiuliza swali mwenyewe, kwa vina ambavyo yeye angevichagua:

Maji yamekwisha kupwa, mtumbwi u matopeni,
Na kasia limetupwa, liko peke yake pwani,
Hata kama nitalipwa, sitoki mwangu nyumbani,
Wenzangu wamenihama, shairi nimpe nani?

Huu si ubeti mkubwa. Unalalamika, na malalamiko ni rahisi kutunga. Lakini nilipoukamilisha niligundua kwamba nimekwisha kujiwekea mtego. Kituo kimeuliza, na masikio yangu yaliyozoezwa kwa miaka hayakuweza kuliacha swali hivi hivi. Sikuwa na hamu, nilikuwa na kina. Neno kupwa lilikuwa likinitazama. Nikakaa nalo.

Kazi ya kujibu ilichukua muda mrefu kuliko kuuliza, kama ilivyo kawaida. Nilijaribu kwanza kuleta maneno mapya ya kina cha -pwa na nikapata yanayochechemea tu: kuogopwa, kukopwa. Nikaukumbuka ushauri wa marehemu, kwamba mjibuji hodari haendi kuazima mbali, huchukua yale yale ya muulizaji ayageuze. Basi nikayarudia kupwa, kutupwa na kulipwa kama yalivyo, kwa mpangilio ule ule, na kazi yote ikawa kubadilisha kinachosemwa juu yake:

Maji hujaa na kupwa, ndiyo ada baharini,
Kasia halijatupwa, limewekwa mvunguni,
Deni la neno hulipwa, kwa neno si kwa thumuni,
Walohama wamehama, alobaki ndiye nani?

Mshororo wa tatu ndio ulionirudisha kazini. Katika ubeti wa kwanza, kulipwa ni mambo ya ujira, na mtu amekata tamaa hata ujira haumtoi nyumbani. Nilipolihamisha neno hilo kutoka kwenye ujira hadi kwenye deni, nilijikuta nimesema jambo ambalo sikulijua kabla ya kuanza kuhesabu mizani: kwamba waliokuwa wakinijibu walinipa maneno yao kwa miaka, na kwamba kunyamaza kwangu kulikuwa kunawanyima haki yao. Sikulifikia wazo hilo kwa kutafakari maisha. Nililifikia kwa kutafuta maneno ya kuijaza mizani nane mbele ya kina kigumu. Ndiyo maana ninauheshimu ufundi huu kiasi hiki. Unampa mtu kazi ndogo ya mkono, ahesabu, akate, aimbe, ajaribu tena, na wakati mkono unashughulika moyo hurudi wenyewe bila kuitwa.

Kwa hiyo kwa yeyote aliyepotelewa na wenziwe wa kalamu, awe Kwale, Tanga, Muscat au Toronto, ningempa kazi badala ya faraja. Asingoje msukumo. Achukue ubeti mmoja wa mtu anayemheshimu, aliye hai au marehemu, aviandike vina vyake pembeni mwa karatasi, kisha ajibu kwa vina hivyo hivyo. Akiona kujibu ni kuzito, afanye takhmisa: mishororo mitatu tu kwa kila miwili, na ailazimishe ikabidhiane bila kishindo. Asome kwa sauti, si kwa macho. Asichapishe haraka. Na akipata wawili, kijana mmoja wa shule na jirani mmoja anayependa kusikiliza, tayari ana baraza jipya na asilidharau kwa udogo wake. Mwalimu Sikujua alikuwa mtu mmoja.

Nimempelekea yule wa Doha ubeti wa kwanza bila jibu langu, na yule wa Tanga nimempelekea wa pili bila swali lake, kila mmoja atafute upande wake. Nanyi mnaosoma mnayo beti zote mbili hapo juu. Jibu langu nimelimaliza kwa swali, na kwa sheria ya mchezo swali hilo sasa si langu tena. Vina vya kati ni -pwa, vya mwisho ni -ni, kituo kinakatika kwa -ma. Anayeweza na ajibu.